Farasi Wachache, Uzito Mwingi: Mhadhara Kuhusu Injini ya Shanta

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Walimu wa ufundi nawaona, vijana wa bandarini nawaona, na nyinyi mliofuata pilau mtanivumilia kidogo. Nimeombwa nizungumzie historia na muundo wa injini ya shanta ya dizeli, yaani injini ya reli ya kushanti: kusogeza na kupanga mabehewa ndani ya yadi. Walioniomba wananijua, kwa hiyo walijua nitaanza kwa kulalamika.

Lalamiko lenyewe ni hili. Kila nikimwonyesha mtu shanta, swali la kwanza ni, "Ina hospawa ngapi?" Nikimjibu nguvu za farasi 350, anacheka. Eti kuna magari ya watu huko Nyali yenye zaidi ya hizo. Sawa. Mwambieni mwenye gari alilete Changamwe, alifunge kwenye mabehewa thelathini ya ngano, halafu akanyage mafuta. Sisi tutakaa kivulini tumtazame.

Tufanye hesabu, na msiogope, ni ya darasa la nane. Chukueni shanta ya Waingereza iitwayo Class 08. Zilijengwa 996, kuanzia 1952 hadi 1962, na baadhi zinapiga kazi mpaka leo. Ina magurudumu sita na uzito wa kama tani 49, na ndani imewekwa injini ya English Electric ya farasi 350. Chuma juu ya chuma kikavu hushika kwa kadiri ya theluthi moja ya uzito uliokaa juu ya gurudumu. Theluthi ya 49 ni kama tani 16. Hapo ndipo mwisho wa kuvuta. Ukizidisha, gurudumu linazunguka bure na treni haisogei.

Sasa tuwaangalie wale farasi 350. Ni kilowati 260 hivi. Nyingine zinapotea njiani, tuseme 200 zinafika kwenye reli. Kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, yaani mtu anayetembea bila haraka, kilowati 200 zinatoa mvuto wa karibu tani 15. Mmeona? Kwa mwendo wa kazi yenyewe, farasi hao wachache wameshalifikisha gurudumu ukingoni mwa kuteleza. Ukiwaongezea wenzao elfu moja, hao elfu watakula mafuta tu. Na mvuto huo wa tani 15, kwenye tambarare, unang'oa treni ya zaidi ya tani elfu moja.

Hamali wa mkokoteni pale Marikiti analijua hili bila hesabu. Mvua ikinyesha haongezi misuli. Anavua kandambili.

Najua kuna mtu wa Mazeras hapa ananung'unika. Ndiyo, mzee wangu, kupanda kwenu ni habari nyingine. Treni inayotoka usawa wa bahari kwenda Nairobi, juu zaidi ya mita 1,600, inahitaji farasi, tena wengi, kwa sababu inataka mvuto na mwendo kwa pamoja. Ndiyo maana East African Railways walileta zile English Electric za farasi 1,840 kuanzia 1960. Sizibezi. Nasema tu kwamba kazi yake si hii.

Na kuna kisa nimekisimulia mpaka jamaa zangu wamekichoka, lakini nyinyi hamjakisikia. Kwenye yadi moja, siitaji, mabehewa ya magadi yalikuwa yakimwaga unga kidogo kidogo relini. Magadi makavu hayana neno. Asubuhi umande umeanguka, magadi yamelowa, na kila mama anayeyatia kwenye maharage anajua yanavyoteleza yakilowa. Shanta ikajaribu, ikazungusha magurudumu. Mkubwa mmoja akaamuru iletwe injini ya njia kuu, "yenye nguvu". Ikaletwa. Dereva akafungua mafuta kama alivyoamriwa, na magurudumu yakazunguka palepale yakiunguza reli hadi ikaacha mashimo. Reli ile ikabidi ing'olewe. Mwishowe fundi mmoja akaenda na ufagio na ndoo ya mchanga mkavu, akapita mbele ya shanta ileile ya kwanza, nayo ikaondoka polepole na mabehewa yote. Kila shanta ina masanduku ya mchanga karibu na magurudumu. Hapa kwetu, na unyevu huu wa bahari, mchanga hushikana na bomba likaziba. Ukipewa shanta uikague, anzia hapo, injini utaifikia baadaye. Na kumbukeni, manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa inaosha reli, manyunyu yanaipaka utelezi.

Historia sasa. Watu wanadhani dizeli iliingia relini kwa mlango wa mbele, na treni za kifahari kama ile Zephyr ya Marekani ya 1934. Hapana, iliingia kwa mlango wa uani, tena miaka tisa kabla. Mwaka 1923 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuondoa injini za mvuke ndani ya jiji kwa sababu ya moshi. Reli kubwa zikatandaza umeme. Lakini Central Railroad of New Jersey walikuwa na kiyadi chao kule Bronx, kimejitenga kabisa, mabehewa yanaletwa kwa tishari, na reli zake zinazunguka ghala la duara. Nani atatandaza umeme hapo? Mwaka 1925 wakanunua injini namba 1000. Mwili wake ulitoka Alco, umeme General Electric, na injini ya mafuta Ingersoll-Rand. Sanduku la chuma lenye tani 60 na farasi 300. Ikafanya kazi hadi 1957, na sasa iko makumbusho Baltimore.

Kwa nini yadi ndiyo iliyoipokea? Kwa sababu shanta husubiri zaidi kuliko inavyovuta, na injini ya mvuke ikisubiri, moto wake hausubiri. Inakula ikiwa imesimama, kuiamsha ni kazi ya saa kadhaa, na inataka dereva na mpiga moto. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Sisi tulikuwa na zile injini za mvuke za daraja la 13, kumi na nane kutoka kiwanda cha North British cha Glasgow, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahususi kwa kushanti. Zilibeba maji na mafuta juu ya mgongo wake. Kadiri zilivyofanya kazi ndivyo tangi lilivyopungua, na tangi likipungua, uzito juu ya magurudumu unapungua, na mshiko nao unapungua. Injini inachoka kwa kuwa nyepesi! Dizeli haibadiliki hivyo, mafuta yake ni sehemu ndogo tu ya uzito wake.

Mtauliza, basi kwa nini tusinunue ile NW2 ya Marekani iliyojengwa 1939 hadi 1949, farasi 1,000, tani zaidi ya 110? Kwa sababu ina ekseli nne, yaani jozi nne za magurudumu. Kila ekseli inaegemea kwa karibu tani 28, na reli zetu zenye upana wa mita moja hazikutandazwa kwa mzigo huo. Hapa unagawa uzito kwa ekseli nyingi, kisha unazifunga pamoja kwa vyuma vya pembeni ili moja isiteleze peke yake. Ndiyo maana Andrew Barclay wa Kilmarnock, Scotland, walituletea shanta za magurudumu manane yaliyofungwa, zinazopeleka nguvu ya injini magurudumuni kwa haidroliki, yaani kwa mafuta yanayosukumwa, badala ya mota za umeme.

Haidroliki na umeme nilitaka kuvieleza kwa urefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi, mota ya umeme inavuta zaidi ikiwa imesimama, ila ukiikaza muda mrefu bila kusogea inaungua. Kwenye haidroliki pangaboi moja inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pangaboi nyingine. Haiungui, ila mafuta yanachemka, kwa hiyo angalia kipozeo.

Kibanda: dereva lazima aone kulabu na amwone mtu aliye chini anayefunga mabehewa. Huyo mtu anaingia katikati ya vyuma, si mchezo. Ndiyo maana boneti ni nyembamba na ya chini, na ngazi ziko kila pembe. Wanaotumia injini kuukuu za njia kuu kama shanta ili kubana pesa nawaomba wakasimame wao katikati ya mabehewa.

Kuna anayesema makontena yamemaliza kushanti. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ya 2017 iliagiza injini 56, na nane kati ya hizo ni shanta, DF7G. Wachina wanajua hesabu.

La mwisho, kijana wa mbele ameniuliza mapema kuhusu betri. Watu wa magari wanalia betri ni nzito. Kwa shanta tunalipia uzito. Zipo injini zilizojazwa vitalu vya chuma na zege ili tu ziwe nzito, basi badala ya zege weka betri. Na yadi haina safari ndefu, chaji iko mita mia tano kutoka popote ulipo. Swali la breki tutalimalizia nje, mwenyekiti ameshasimama.