Akirudi, Mlipe

Mwangaluka, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja mapema, na asanteni zaidi kwa kuja na mbwa wenu. Waliowafunga kwenye nguzo za baraza wawasogeze kivulini, jua linapanda. Beseni la maji liko pale mlangoni.

Sitawaeleza mbwa ni nini wala anafaa nini, hayo mnayajua. Nyinyi mnaofuga mbwa wa kienyeji, wale wembamba wa mbio, na nyinyi wachache mliotoa fedha nyingi kununua Beagle au Ridgeback, tatizo lenu ni moja. Nyumbani mbwa anatulia, akiitwa anakuja. Mpeleke kwenye mawe ya Luchelele, hapa kwetu Mwanza, mfungue, amwone pimbi. Hapo unaita, unapiga mluzi, watoto wa jirani wanakusaidia kuita, na mbwa hata sikio halitikisi. Kesho yake mnakuja kwangu: "Mwalimu, mbwa wangu mkaidi sana."

Neno hilo nimelisikia miaka mingi na leo nataka tulizike. Mbwa wako si mkaidi. Umemfundisha asirudi, na somo limemwingia.

Hebu kumbuka huwa unamwita lini. Unamwita umtie mnyororo. Unamwita umwogeshe dawa ya kupe. Unamwita umfungie bandani kwa sababu wageni wamefika. Unamwita umtoe kwenye harufu tamu kuliko zote alizokutana nazo wiki hiyo. Akichelewa, unamwita umchape. Nihesabieni nyinyi wenyewe: katika miito kumi ya wiki nzima, ni mingapi iliyomletea heri?

Nilikuwa na mbwa akiitwa Radi. Baadhi yenu mlishanisikia nikimtaja, na leo nitamtaja tena. Siku moja tulikuwa hukohuko Luchelele, akamwona pimbi juu ya jiwe. Pimbi mnawafahamu, mmoja akipiga ukelele wote wanazama kwenye nyufa. Radi akabaki anachimba kwenye ufa ambao hata mkono wangu usingeingia. Niliita. Nikaita tena. Nikakaa chini, nikaita nimekaa. Ilipita saa nzima. Alipochoka akatoka mwenyewe, pua imechubuka, ulimi nje, akaja kwangu anatikisa mkia. Nilimchapa fimbo tatu.

Nilimchapa kwa kosa gani? Kwa hesabu zangu, nilimchapa kwa ile saa nzima ya kutonisikia. Kwa hesabu zake, jambo la mwisho alilolifanya kabla ya fimbo ni kuja kwangu. Mbwa haunganishi fimbo ya saa tano na pimbi wa saa nne. Anaunganisha na kilichotangulia papo hapo, na kilichotangulia ni kurudi. Kwa hiyo fimbo zote tatu zilikuwa adhabu ya kurudi.

Wiki iliyofuata nilimwita uani. Akaja, lakini akasimama hatua kumi kutoka nilipo. Kichwa kimeinama, mguu mmoja wa mbele ameuinua, anajilamba pua. Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akiutazama mkono wangu wa kulia. Mkono ulikuwa mtupu, na bado alisimama pale anautazama mpaka nilipogeuka nikaingia ndani.

Ningeelewa siku ile, ningekuwa naye miaka mingine mingi. Sikuelewa. Baadaye nilikwenda naye Kayenze, ufukweni. Kenge mkubwa akakatiza mchangani kuelekea kwenye matete, Radi nyuma yake. Nilipiga kelele jina lake. Na alisikia! Watu husema mbwa akikimbiza huwa hasikii, huyu alisikia. Alisimama pale mchanga unapokutana na matete, akageuza shingo, akanitazama. Nilikuwa nimeinua mkono, nampungia aje. Akautazama ule mkono. Kisha akageuka akaingia kwenye matete. Nilisikia maji yakipigwa mara moja. Kwa mamba wa upande ule, wavuvi hawakuhitaji kunieleza. Walizunguka na mtumbwi mpaka giza likaingia, wakinihurumia zaidi ya nilivyostahili, na hatukumpata.

Ndiyo sababu silichoki jambo hili.

Sasa najua kuna mzee wangu hapa anasema moyoni: babu zetu waliwinda na mbwa tangu enzi na enzi, hawakuwa na vijizawadi vyenu hivi, na mbwa walirudi. Mzee wangu, walikuwa navyo. Babu yangu mimi, kule Magu, alikuwa na mbwa wanne na pembe ya ng'ombe. Akishampasua sungura, kabla hajafanya lolote lingine, anapuliza pembe, mbwa wanakuja, anawagawia matumbo yangali moto. Siku walizokosa kila kitu, jioni kabla ya kurudi nyumbani alipuliza pembe vilevile, akatoa mfukoni tonge la ugali mkavu alilolificha tangu asubuhi, akamega vipande vinne. Nilikuwa mtoto, nikaona anaharibu ugali. Leo nafundisha watu alichokifanya yeye. Maisha yao yote wale mbwa hawakuwahi kuisikia pembe ikawaacha mikono mitupu. Pembe ilikuwa ahadi, na mzee alikuwa analipa.

Fanyeni hivyohivyo. Chagueni mlio mmoja mpya, ambao haujawahi kutumika kwa jambo jingine. Jina la mbwa liacheni. Jina mmelitumia kugombeza, kuonyea, kusimulia majirani, limechakaa. Filimbi ya refa inatosha. Mkikaa karibu na uwanja wa mpira, wekeni mpigo wenu wenyewe, viwili vifupi na kimoja kirefu, la sivyo mtampoteza mbwa Jumamosi alasiri kila refa akipuliza. Wiki ya kwanza ni ndani ya nyumba tu: filimbi, kisha papo hapo kipande cha pafu la ng'ombe au dagaa wawili. Pavlov yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 alilionyesha jambo hili kwa mbwa walewale, na mpangilio ndio kila kitu. Filimbi itangulie. Ukianza kuchakarisha kifuko cha dagaa ndipo upulize, mbwa atajifunza kifuko, na kifuko hakisikiki ukiwa hatua mia mbili ufukweni. Dagaa waosheni kwanza, wale wetu walioanikwa chini wana mchanga. Na msimpe waliokaangwa na vitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

Mama yangu hapo mbele anatikisa kichwa. Namwelewa, anasema dagaa hawamshindi pimbi. Kweli kabisa, hawamshindi! Hapa ndipo wengi wanaofundisha mbwa wa ulinzi hukwama wakipewa mbwa wa kuwindia. Mbwa huyu hawindi kwa njaa. Mshibishe maini mpaka alale, kisha mwonyeshe sungura, atainuka. Raha yake iko kwenye kunusa, kunyatia na kukimbiza. Pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyoweza kufika milioni 300 wakati sisi tuna kama milioni 6, kwa hiyo pale unapoona nyasi tupu yeye yuko katikati ya sherehe. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, David Premack, alieleza kwamba jambo ambalo mnyama analipenda kulifanya mwenyewe linaweza kuwa ujira wa jambo asilolipenda sana. Kwa lugha yetu: mlipe msasi kwa usasi.

Kachukueni kipande cha ngozi ya mbuzi, ukubwa wa kiganja, mkifunge kwenye kamba ya mita mbili. Mbwa akisikia filimbi akaja, ngozi inatoka mfukoni, inaburuzwa chini mbele yake, nawe unakimbia kuelekea upande mwingine. Mwache aikamate, mwache aitikise. Mkifanya hivi kila siku, mbwa ataanza kuamini kwamba windo bora la dunia hii hutokea miguuni pako, na hutokea baada ya filimbi. Huyo nyikani utamwita.

Na katika kila miito kumi, tisa mwachie arudi alikokuwa. Nasema tisa, msinipunguzie. Aje, apate chake, aambiwe nenda, arudi kwenye harufu yake. Mkimwita mara moja tu, ya kuondokea, mmeshaua filimbi.

Kamba. Wengi mnaiona kamba kama aibu. Mita kumi na tano za manila, zinapatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi pale Mwaloni. Piga fundo kila baada ya mita moja, maana kamba laini ikikukimbia kiganjani inaunguza. Usijiviringishie mkononi hata siku moja. Ifungwe kwenye mshipi wa kifuani, si shingoni, kwa sababu mbwa wa mbio akifika mwisho wa kamba na shingo yake, umemvunja. Iburuze chini, na unapotaka kumzuia ikanyage. Kazi yake si kumvuta aje. Kazi yake ni kumzuia asijilipe mwenyewe kwa kukimbiza wakati wewe umeita. Mzoeze mbele ya kuku wa jirani kwanza, halafu bata wa ufukweni, pimbi mwisho kabisa. Mnaniuliza miezi mingapi. Kamba inaondoka mbwa akiwa tayari, na wengi wenu mtakuwa mnaiburuza mwaka mzima. Wengine haitaondoka kamwe karibu na barabara, na hiyo si fedheha.

Jambo moja zaidi kabla sijakatizwa, na ningetamani nipate saa nzima. Iteni kabla hajaondoka. Mtazameni: mkia umekakamaa, mdomo umefungwa, masikio mbele, uzito wote umehamia miguu ya mbele. Hapo una nukta moja. Puliza. Ukichelewa, akawa ameshachomoka, nyamaza. Kila filimbi anayoisikia akiwa anakimbiza na isimfikishe popote, inamfundisha kwamba filimbi ni kelele za ziwani tu. Nyamaza, nenda kasimame pale alipoondokea, mara nyingi hurudi hapohapo. Akirudi, hata kama ni baada ya saa mbili, hata kama umekosa gari, mlipe.

Daktari wa mifugo ananionyesha saa, chanjo inaanza. Haya mengine nayataja tu. Kuhasi kuna faida zake, lakini hakuondoi hamu ya kuwinda, msidanganywe. Ile mikanda ya umeme siitaki: mbwa akichomwa huku anamtazama mtoto, atadhani ni mtoto aliyemchoma. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo asijitetee mtu kwamba ni mbwa aliyewinda. Na kichaa cha mbwa: mbwa anayepotea mchana kutwa hukutana na wenziwe msiowajua, ndiyo maana leo hakuna anayeondoka bila sindano. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Walioshachanja tukutane uwanjani. Kijana mwenye mbwa wa madoa, wewe uanze, njoo uchukue kamba. Nimemwona tangu tulipoanza, kila ukimsemesha anatazama mkono wako. Weka fimbo hiyo kwenye baraza. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, usimkazie macho. Ngozi iko mfukoni mwangu, chukua. Sasa puliza, mara moja tu, halafu tumsubiri.