Ushuru sifuri ni mwanzo wa hesabu: mhadhara kuhusu upendeleo wa kibiashara na uasili wa bidhaa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Mazungumzo mengi kuhusu biashara na maendeleo huishia kwenye kauli moja: nchi tajiri zimeshafungua masoko yao kwa nchi maskini. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Umoja wa Ulaya, kwa mpango ulioanza mwaka 2001, huruhusu nchi zilizoko nyuma zaidi kimaendeleo kuingiza bidhaa zao zote, isipokuwa silaha na risasi, bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Lakini kiwanda hakiuzi nje kwa sababu ya sifuri iliyoandikwa kwenye jedwali. Kinauza pale ambapo namba ya forodha ya bidhaa, kanuni ya uasili, yaani inayoamua bidhaa ni ya nchi gani, na karatasi za shehena vimekubaliana na sifuri hiyo. Huko ndiko ninakotaka twende leo.

Tuanze na msingi. Kifungu cha 1 cha GATT, mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, uliotiwa saini Geneva na nchi 23 mwaka 1947 na sasa kusimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, WTO, kinataka nafuu unayompa mwanachama mmoja uwape wote. Upendeleo kwa baadhi tu unahitaji mlango wa kisheria. Milango mikubwa ni miwili: Kifungu cha 24, kinachoruhusu maeneo huru ya biashara na umoja wa forodha, na uamuzi wa mwaka 1979 unaoruhusu nchi zilizoendelea kuzipendelea nchi zinazoendelea bila kudai malipo. Tofauti yake ina uzito. Nafuu ya mlango wa kwanza imo ndani ya mkataba wa pande zote, kuivunja kuna gharama. Ya mlango wa pili ni hiari ya mtoaji, naye anaweza kuibadilisha au kuiacha imalizike muda wake. Mwekezaji anayejenga kiwanda cha kudumu miaka 20 anapaswa kujua amesimama kwenye mlango upi.

Sasa tukae kidogo kwenye jambo linalopotosha watu wengi: ushuru unaopanda kadiri bidhaa inavyosindikwa. Chukua kahawa. Kiwango cha kawaida cha Umoja wa Ulaya kwa kahawa mbichi ni sifuri. Kwa kahawa iliyokaangwa, yenye kafeini yake, ni asilimia 7.5. Asilimia 7.5 inasikika ndogo. Tupige hesabu. Tuseme kahawa mbichi ya dola 80 ikikaangwa inauzwa dola 100. Kazi ya mkaangaji, yaani thamani aliyoiongeza, ni dola 20. Ushuru hautozwi kwenye zile 20. Unatozwa kwenye 100 nzima, kwa hiyo ni dola 7.50. Gawanya 7.50 kwa 20 unapata asilimia 37.5. Huo ndio ukuta halisi anaokutana nao mkaangaji wa nje, na ndio ulinzi halisi anaoupata mwenzake aliye ndani ya soko. Kakao iko vilevile: punje mbichi huingia kwa sifuri, na uji wake uliosagwa hutozwa asilimia 9.6. Wastani wa ushuru wa nchi nzima hautakuonyesha jambo hili hata siku moja. Ndiyo maana nawasihi wanaojadili mikataba wasome jedwali mstari kwa mstari.

Nchi iliyo kwenye mpango wa upendeleo huruka ukuta huo, kwa sharti moja: ithibitishe kwamba bidhaa ni yake. Hapo tunaingia kwenye kanuni za uasili.

Kwa zao lililolimwa na kuvunwa hapohapo hakuna mjadala. Ugumu huanza pale malighafi ya nje inapoingia, na mikataba hutumia vipimo vitatu, peke yake au kwa kuchanganya: bidhaa ibadilishe namba yake ya forodha, malighafi ya nje isizidi asilimia fulani ya bei ya kiwandani, au hatua mahususi ya uzalishaji ifanyike nchini. Kupakia upya, kubandika lebo au kupepeta hakutoshi popote.

Kipimo cha namba kinaonekana chepesi. Mfumo wa Shirika la Forodha Duniani unazipa bidhaa zote tarakimu sita zinazofanana kimataifa, na mara nyingi mkataba hudai zile nne za mwanzo zibadilike. Punje za kakao ni 1801, uji wake ni 1803: zimebadilika, uasili umepatikana. Kahawa mbichi ni 0901. Iliyokaangwa nayo ni 0901. Mkaangaji aliyenunua kahawa mbichi kwa jirani, akawekeza mitambo, akaajiri watu, akishindwa kupata kanuni nyingine ndani ya mkataba wake, kisheria hajabadilisha chochote. Mjumbe asiyejua hili huweka saini kanuni ya jumla akidhani amelinda viwanda vyake.

Kipimo cha asilimia kina hatari nyingine, nayo hutoka benki kuu. Tuseme ukomo wa malighafi ya nje ni asilimia 70, kama ulivyo kwa bidhaa nyingi za viwandani za nchi zilizoko nyuma zaidi katika mpango wa Ulaya. Kiwanda kinatumia vipuri vya nje vya dola 66. Mishahara, umeme, malighafi ya ndani na faida ni dola 34. Bei ni 100, sehemu ya nje ni asilimia 66, kiwanda kiko salama. Sarafu ya nchi ikishuka kwa asilimia 20 dhidi ya dola, zile 34, zinazolipwa kwa sarafu hiyo, zinakuwa 27.20, na bei inashuka hadi 93.20. Vipuri vimebaki 66. Sasa sehemu ya nje ni asilimia 70.8. Hakuna mfanyakazi aliyepunguzwa wala mashine iliyozimwa, lakini bidhaa imepoteza uasili. Kiwanda kinachokaa karibu na ukomo kipige hesabu hii kila bei za sarafu zinapoyumba, kisisubiri barua ya ukaguzi.

Nguo ndizo zinazofundisha zaidi kuhusu hatua mahususi. Tangu mwaka 2011 Umoja wa Ulaya unazikubalia nchi zilizoko nyuma zaidi kushona nguo kwa kitambaa kilichotoka popote: hatua moja inatosha. Nchi nyingine zinazoendelea, zilizo kwenye mpango wa kawaida wa upendeleo, hudaiwa hatua mbili, kwa kawaida kufuma kitambaa kisha kushona. Nchi ikipanda daraja na kutoka kwenye kundi la nyuma zaidi, inapewa miaka mitatu ya mpito, kisha mlango wa hatua moja unafungwa. Kinu cha kufuma na kutia rangi kinahitaji mtaji, maji na umeme wa uhakika; hakijengwi kwa miezi sita. Maandalizi yaanze zamani kabla ya sherehe ya kupanda daraja. Njia nyingine ni ujumlishaji, ambapo kitambaa cha nchi mshirika kinahesabiwa kama chako, lakini nao lazima uwe umeandikwa na kukubaliwa mapema.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Katika mpango wa Ulaya msafirishaji huandika mwenyewe tamko la uasili. Shehena ikizidi euro 6,000, lazima awe amesajiliwa. Mambo yanayoharibu ni yaleyale: maelezo ya ankara hayafanani na namba ya forodha, au shehena imefunguliwa bandari ya katikati bila usimamizi wa forodha, au kumbukumbu za malighafi hazikutunzwa kwa miaka mitatu inayotakiwa. Na pale ushuru wa kawaida unapokuwa asilimia 1 au 2, gharama ya makaratasi huweza kuzidi nafuu yenyewe. Hapo kulipa ushuru si ujinga.

Ushirikiano wa kimataifa una nafasi gani hapa? Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa WTO, ulioanza kutumika Februari 2017, umefanya jambo ambalo naliheshimu sana: nchi inayoendelea inaweza kuweka wajibu fulani kwenye kundi C, maana yake itautekeleza baada ya kusaidiwa kujenga uwezo. Msaada umefungwa kwenye wajibu wenyewe, haukuachwa kwenye hotuba.

Kifungu cha 3 cha mkataba huo kinamfaa msafirishaji moja kwa moja. Kabla ya kupakia, muombe mnunuzi wako aandikie forodha ya nchi yake kuomba uamuzi wa awali kuhusu namba ya bidhaa na uasili wake. Aambatishe orodha ya malighafi, namba ya kila moja, nchi ilikotoka, bei yake, na maelezo ya hatua za uzalishaji. Jibu likitoka kwa maandishi, linaifunga forodha hiyo kwa muda maalumu, mradi ukweli wa ombi haujabadilika. Mkibadilisha msambazaji wa malighafi, ombeni upya.