Sekunde 9 za S.D. Jones

Mhadhara kwa vijana wa michezo, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa chini hapo mbele kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Tukizungumza mieleka ya kulipwa huwa tunawataja mabingwa. Leo nimekuja kumsemea mtu aliyepigwa.

Tarehe 31 Machi 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, lilifanyika onyesho la kwanza la WrestleMania, tamasha kubwa la mieleka la kampuni ya WWF, ambayo siku hizi inaitwa WWE. Pambano moja la siku ile lilitangazwa kuwa limemalizika kwa sekunde 9. King Kong Bundy, pande la mtu la zaidi ya kilo 200, alimshindilia mwenzake kwenye pembe ya ulingo, kisha akamwangukia mwili mzima, mwamuzi akahesabu, basi. Mimi nimeutazama mkanda ule na saa mkononi. Zilipita zaidi ya sekunde 20. Kwa hiyo yule bwana, pamoja na kushindwa, hata muda wake alipunjwa.

Jina lake la ulingoni ni S.D. Jones. Kwao akiitwa Conrad Efraim, mzaliwa wa Antigua, kisiwa cha Karibi ambacho hakifiki hata theluthi ya Pemba yetu. Mtoto wa kisiwani kama sisi. Siku ile hakuwa mwanafunzi. Alikuwa keshaifanya kazi hiyo miaka mingi, keshapigana bega kwa bega na wanamieleka wenye majina, Tony Atlas na André the Giant. Siku nyengine alishinda. Siku nyingi alishindwa, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa: kumfanya aliye mbele yake aonekane wa kutisha.

Naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, maana ndipo penye ufundi. Ulingo wa mieleka si godoro. Chini kuna vyuma, juu ya vyuma mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, halafu turubai. Nilipokuwa kijana nilijifunza judo mjini Unguja, na siku za mwanzo hatukufundishwa kumwangusha mtu. Tulifundishwa kuanguka. Kidevu ukishindilie kifuani, kisogo kisiguse chini. Pumzi uitoe. Mikono yote miwili ipige chini kwa pamoja, viganja wazi, ili kishindo kigawike mwilini kisikae pahala pamoja. Siku moja nilitanguliza kiwiko. Mkono wangu huu wa kushoto mnauona, haunyooki sawasawa mpaka leo. Ni kosa la nukta moja tu. Sasa mfikirieni Jones, mji baada ya mji, akianguka vile vile, na pengine juu yake pana uzito wa mapolo manne ya mchele ya kilo 50. Yule wa juu naye lazima ajue kushuka, magoti na mikono vipokee kabla ya kifua. Kila mmoja amemkabidhi mwenzake shingo yake.

Najua kuna watakaosema: lakini yale ni maigizo. Ni kweli mshindi hupangwa. Mwaka 1989 wenye kampuni ya WWF wenyewe walilikiri jambo hilo mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey, wakitaka waondolewe usimamizi na kodi za michezo ya mapigano. Kilichopangwa ni matokeo. Mbao hazikupangwa ziwe laini.

Na sisi Wapemba hatuna haja ya kufafanuliwa hili. Ukenda mchezo wa ng'ombe, Pujini au Chwale, nani hajui kwamba ng'ombe hauawi? Ngoma inalia, zumari inalia, kina mama wanaimba, vijana wanamchokoza, na ng'ombe atarudi bandani kwake. Hakuna anayesimama akasema mchezo huu ni uongo. Pembe ni pembe.

Linaloniuma ni malipo. Makampuni makubwa ya Marekani yamewahesabu wapiganaji hawa kuwa watu wanaojitegemea, si waajiriwa. Bima ya afya ajitafutie mwenyewe. Mtu mgongo wake ndio uliowajengea wengine majina, na mgongo ukimuuma ni shauri yake na mkewe. Mimi siwezi kulisema hili kwa sauti ya chini.

Nalisema kwenu kwa sababu ngumi, zilizofungiwa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, zimesharuhusiwa tena. Ngumi ni jambo jengine, huko hakupangwi mshindi. Lakini kila bingwa tutakayemlea atahitaji watu wa kupigana nao, na wengi wao watashindwa. Viongozi mliopo humu, kabla ya kununua kombe, ulizeni: huyu atakayeshindwa, nani atampeleka hospitali, na nani atalipa? Liandikeni jina lake kwenye daftari, lisiwe la mshindi peke yake.

Jones alifariki mwaka 2008. Watoto wa Marekani waliwahi kuchezea sanamu yake ya mpira, yeye aliyekuwa akishindwa. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa litandikeni lile godoro. Wewe kijana wa fulana ya buluu, njoo. Vua viatu. Kidevu kifuani, baba. Zaidi. Hivyo hivyo. Toa pumzi.