Kilo Moja na Robo

MWAJUMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Hapa Tanga mvua imetulia kidogo, tumekaa barazani kwangu, mkisikia jogoo msishangae. Mimi Mwajuma. Mwenzangu wiki iliyopita hakutokea, leo kaja.

BABA NASSOR: Shikamoo dada.

MWAJUMA: Marahaba, Baba Nassor. Haya, kijana katimiza mitano.

BABA NASSOR: Kaitimiza, alhamdulillahi. Na nilikwambia sitaweza kurekodi siku ile. Kila mwaka ikifika tarehe hiyo mimi huwa si mtu wa maneno.

MWAJUMA: Sasa tuanze na lile la dukani, maana uliponisimulia kwenye simu sikulala vizuri.

BABA NASSOR: Ni hivi. Nassor alikuwa ananiuliza tangu mfungo: "Baba, mimi nilikuwa mdogo kiasi gani?" Namwonyesha kwa viganja, hivi. Haridhiki. Watoto wa umri huu wanataka kushika. Basi asubuhi ya siku yenyewe tukaenda kununua mchele wa pilau. Muuza duka wetu bado ana ule mzani wa mawe. Nikamwomba apime kilo moja na robo, peke yake, kwenye mfuko mdogo. Akaweka jiwe la kilo, akaweka la robo. Nikamwambia Nassor, "Huyo ndiye wewe."

MWAJUMA: Akasemaje?

BABA NASSOR: Akauinua mfuko kwa mikono miwili. Akauliza, "Na kichwa kimo?" Nikasema kimo. "Na miguu?" Nikasema yote imo, mwanangu. Muuza duka akageuka kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

MWAJUMA: Maana naye anakumbuka.

BABA NASSOR: Mtaa mzima unakumbuka. Gramu 1,250. Mimba ilikuwa wiki ya 30. Presha ya mama yake ilipanda ghafla, macho yakaanza kuona giza, madaktari wakasema tukisubiri tutawakosa wote wawili. Wakampasua usiku. Mimi nimekaa kwenye benchi nimeshika beseni la nguo za mtoto, nguo zote kubwa.

MWAJUMA: Wasikilizaji ambao hawajapitia, waelezee kinachofuata. Maana wengi tunadhani mtoto huyo anawekwa kwenye mashine, basi.

BABA NASSOR: Mashine ipo, na ina kazi yake. Ila mtoto aliyezaliwa mapema hana mafuta mwilini ya kumtunzia joto. Akipoa, maziwa kidogo anayopata yanaishia kutafuta joto, hayamjengi. Akipoa zaidi, hata kupumua anasahau. Ndiyo maana wanasema kangaruu: abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Mambo haya yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na mashine chache kuliko watoto. Miaka ya karibuni utafiti ukafanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, wakawabeba watoto mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza. Matokeo yalitoka 2021: vifo vilipungua kwa robo.

MWAJUMA: Kwa kifua cha mama tu.

BABA NASSOR: Cha mama, au cha yeyote. Mke wangu alikuwa hajaweza kukaa, mshono mbichi. Nesi akanitazama, akasema, "Baba, vua shati." Dada, mimi nilidhani nimesikia vibaya. Chumba kina akina mama watupu. Wakanitengea pembe, wakavuta pazia. Akamleta, kavaa kofia, soksi na nepi, basi. Akamlaza wima hapa kifuani, kichwa kakigeuza upande ili njia ya hewa iwe wazi, akanifunga na khanga ya mama mkwe wangu. Nikaogopa hata kupumua. Nesi akasema pumua, anakusikiliza.

MWAJUMA: Subhanallah.

BABA NASSOR: Na kweli, baada ya muda pumzi yake ikatulia. Vidole vyake vilikuwa mithili ya punje za mchele, ndiyo maana nikaufikiria mchele. Vikashika nywele za kifua changu. Sijawahi kushikwa hivyo na mtu.

MWAJUMA: Siku ngapi?

BABA NASSOR: 47. Mchana tunapokezana, usiku mama yake. Maziwa yanakamuliwa, mililita chache, yanapitia mpira wa puani. Baadaye kikombe. Kila asubuhi mzani. Na mwanzo anashuka! Hilo hatukuambiwa mapema. Alifika 1,140 mke wangu akalia mpaka maziwa yakakata. Kumbe karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo. Angetuambia mtu sentensi moja tu, tungelala. Kisha akaanza kupanda. Akiongeza gramu 20 wodi nzima inajua, akina mama wanapiga vigelegele vya chini kwa chini wasiwaamshe wengine.

MWAJUMA: Arobaini iliwakuta humo humo, basi.

BABA NASSOR: Humo humo. Nyumbani wazee wakasoma dua, bibi yake akaleta uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, tukanywa na majirani wa kitanda. Na hapa, dada, ndipo ninapokuwa kimya kila mwaka. Kitanda cha pili kulikuwa na mama kutoka Handeni, na binti yake. Walikuwa wanakaribiana uzito, kila asubuhi tunalinganisha. Siku ya 19 tuliamka kitanda kimetandikwa.

MWAJUMA: Inna lillahi.

BABA NASSOR: Tarehe ya Nassor ikikaribia mimi namhesabia na yule. Angekuwa na mitano vilevile, wamepishana siku mbili. Nikikata keki namkumbuka mama yake. Sijui kama yuko mtu mwingine anayemkumbuka mtoto yule zaidi yake yeye, na sitaki abaki peke yake.

MWAJUMA: ... Tunamwombea.

BABA NASSOR: Tunamwombea.

MWAJUMA: Nataka nikuulize neno. Njiti. Hospitali wanasema, redioni wanasema. Wewe linakukaaje?

BABA NASSOR: Mwanzo lilinichoma. Njiti ni ya kiberiti, inavunjika kwa vidole viwili. Shangazi mmoja alisema mbele yangu, "Hicho kijiti mtakilea?" Nikaondoka nisije nikamjibu. Lakini wauguzi walikuwa wanalisema kwa mapenzi, "njiti wangu kanywa vyote leo." Nikaliona ni neno linalotegemea mdomo. Nyumbani hatulitumii. Tunasema aliwahi.

MWAJUMA: Aliwahi. Zuri hilo.

BABA NASSOR: Na kuwahi kuna hesabu zake. Alitembea na miezi 15, watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Daktari alishatuambia: mpaka miaka miwili, ukuaji muuhesabu tangu tarehe aliyotarajiwa. Ila chanjo zinafuata siku aliyozaliwa. Basi mtoto mmoja, kalenda mbili.

MWAJUMA: Na likizo ya mama yake?

BABA NASSOR: Siku 84, nyingi kamaliza wodini. Amerudi kazini mtoto hajafika hata uzito wa mtoto mchanga wa kawaida. Mimi nilikuwa na siku tatu. Ndiyo maana mwaka 2025 sheria ya kazi iliporekebishwa, kwamba mama wa aliyewahi aongezewe mpaka mimba ingetimiza wiki 40, na baba apate siku saba, mke wangu alikaa kimya muda mrefu. Sisi haikutufikia. Wanaokuja itawafikia, na nafurahi kutoka moyoni.

MWAJUMA: Sasa sherehe. Mlimwagia maji?

BABA NASSOR: Vijana walikuwa na ndoo tayari! Bibi yake akasimama mlangoni. "Huyu tulimtafutia joto siku 47, leo mnamletea maji ya kisima?" Ikabidi yachemshwe. Kikombe kimoja, vuguvugu, bibi mwenyewe kammwagia miguuni. Keki akawalisha watu, wa kwanza bibi, wa pili mimi.

MWAJUMA: Na ule mchele?

BABA NASSOR: Tulipotoka dukani aliukataa kuubeba kwa mkono. Akasema, "Nifunge, Baba." Sikuwa na khanga, nikavua shati, nikamfunga nalo mfuko kifuani. Ni mwendo wa dakika tano kutoka pale. Ilituchukua karibu nusu saa. Anatembea taratibu, mkono mmoja ameuweka chini ya mfuko. Piki piki ikipita, anageuka upande wa ukuta, anauziba kwa mgongo.

MWAJUMA: Na wewe?

BABA NASSOR: Mimi nyuma yake, bila shati, katikati ya mtaa. Tulipofika mama yake akaunyoosha mkono aupeleke jikoni. Nassor akamwambia, "Ngoja, bado hajapata joto."