Naushad Ali, Fundi wa Sauti za Sinema ya Kihindi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia mwito.

Wengi wetu humu ukumbini tuna nyimbo za Kihindi vichwani ambazo hatukumbuki tumejifunza lini. Dilip Kumar tunamjua kwa sura. Nargis na Madhubala tunawajua. Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi tunawatambua wanapofungua kinywa tu. Lakini muulize mtu wimbo huu kautunga nani, atakutajia mwimbaji, au atakutajia mwigizaji ambaye kazi yake ilikuwa kuifuatisha midomo sauti ya mwenzake. Mwenye tuni hatajwi. Na sisi watu wa mwambao ndio hasa tunaopaswa kumtaja, maana tuni hizo tumezichukua na kuzivika mashairi yetu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya taarabu yake juu ya mahadhi ya sinema za Kihindi, na watu wakalia na kutuza. Mahadhi yale yalikuwa na watunzi. Leo nimemchagua mmoja wao, Naushad Ali.

Alizaliwa Lucknow, kaskazini mwa India, mwezi Desemba 1919. Baba yake, Wahid Ali, alikuwa karani wa mahakama na mtu wa dini, na muziki nyumbani mwake ulikuwa jambo la aibu. Zama zile filamu hazikuwa na sauti; wapiga ala walikaa mbele ya pazia la sinema wakipiga huku picha ikienda. Kijana Naushad alikwenda kwa ajili yao. Akapata kibarua katika duka la ala za muziki, akawa anasafisha na kutengeneza vinanda, na kwa njia hiyo akajifunza kuvipiga. Baadaye masheikh wa muziki wa pale Lucknow wakamfundisha raga, yaani mahadhi ya muziki wa kale wa Kihindi, kwa utaratibu wake. Baba alipojua, alimpa hiari: muziki au nyumba. Mwaka 1937 kijana akashika njia ya Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai.

Kule alilala kandokando ya barabara mtaa wa Dadar, ng'ambo ya jumba la sinema lililoitwa Broadway. Alipata kazi ya kupiga piano chini ya Ustad Jhande Khan kwa mshahara wa rupia 40 kwa mwezi, kisha akawa msaidizi wa Khemchand Prakash, ambaye hadi uzeeni alimwita mwalimu wake. Filamu yake ya kwanza kama mtunzi kamili, Prem Nagar, ilitoka 1940. Miaka minne baadaye ikaja Rattan, na santuri zake zikasikika kila mtaa wa India.

Hapa kuna kisa alichokisimulia mwenyewe, nami nakipenda kwa sababu kinaonyesha mtunzi alikuwa nani mbele ya jamii. Alipotafutiwa mke, wazee wa Lucknow hawakuthubutu kusema kijana wao anafanya muziki wa sinema. Wakawaambia wakwe kuwa ni fundi cherehani. Siku ya harusi bendi ikaja, ikapiga nyimbo za Rattan, na wazee wa pande zote mbili wakawa wanazilaani nyimbo hizo zinazoharibu watoto wa watu. Bwana harusi, aliyezitunga, alikaa kimya ndani ya nguo zake za harusi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Naushad aliamini kwamba muziki wa ustadi mkubwa, ule wa majumba ya manawabu na maharaja, mchukuzi wa sokoni anauelewa vizuri kabisa akipewa nafasi ya kuusikia. Wenye fedha hawakukubali. Yalipoanza mazungumzo ya Baiju Bawra, filamu iliyotoka 1952 inayomhusu mwanamuziki wa zama za mfalme Akbar wa India, hofu ya watayarishaji ilikuwa kwamba watazamaji wataumwa vichwa kwa raga mfululizo. Naushad hakurudi nyuma. Aliwaleta Ustad Amir Khan na D. V. Paluskar, mabingwa wa uimbaji wa kale ambao hawakuwa watu wa sinema, wakashindana kwa sauti ndani ya filamu. Nyimbo zilizobaki alizijenga juu ya raga moja baada ya nyingine. Kwa mliozoea taarabu, raga ina undugu na maqamu: ina sauti zake, ina njia yake ya kupanda na kushuka, na ina hisia inayoiamsha. Filamu ikajaza majumba, na jumba mojawapo lilikuwa Broadway lile lile. Wimbo wa Tu Ganga Ki Mauj, ulio katika raga Bhairavi, ulimpa tuzo ya kwanza kabisa ya Filmfare, tuzo za sinema ya Kihindi, kwa mtunzi wa muziki, mwaka 1954. Ajabu ni kwamba hakupewa tena, hata kwa kazi zilizokuwa kubwa kuliko hiyo.

Katika filamu hiyo hiyo kuna Man Tarpat Hari Darshan Ko Aaj. Ni dua ya Kihindu, kilio cha mja anayetamani kumwona Mola wake, katika raga Malkauns. Mashairi ni ya Shakeel Badayuni, sauti ni ya Mohammed Rafi, tuni ni ya Naushad. Waislamu watatu. India ilikuwa imegawanywa miaka mitano tu kabla ya hapo, kwa damu nyingi, na Wahindu wakauchukua wimbo ule kuwa wao. Mimi huo ndio wimbo wake ninaouweka juu ya vyote. Malkauns ina sauti tano tu, na kwa sauti hizo tano anamfikisha Rafi mahali ambapo hujui tena kama anaimba au anaomba.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kumchosha kila aliyekuwa karibu naye. Naushad alisimulia habari ya K. L. Saigal, mwimbaji mkubwa wa zama zake, aliyezoea kunywa pombe kabla ya kurekodi. Wakati wa filamu Shahjehan, mwaka 1946, Naushad alimwomba aimbe mara moja akiwa hajaonja kitu, kisha aimbe tena akiwa amekunywa, wapime. Saigal aliposikia zote mbili akakubali kwamba ya kwanza ndiyo nzuri. Lata naye alipokuwa mgeni kwenye fani, Naushad alimsimamia matamshi ya Kiurdu herufi kwa herufi. Kwa filamu ya Aan alikusanya wapiga ala wapatao 100. Alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza nchini mwake kurekodi sauti ya mwimbaji mbali na ala, kisha kuzichanganya.

Kazi kuu ya maisha yake ilikuwa Mughal-e-Azam, filamu ya mwongozaji K. Asif juu ya mapenzi ya Salim, mtoto wa mfalme Akbar, na mcheza ngoma Anarkali, iliyochukua miaka mingi na kuonyeshwa Agosti 1960. Walitaka sauti ya Tansen, mwimbaji wa baraza la Akbar. Naushad akasema hakuna wa kuiimba ila Ustad Bade Ghulam Ali Khan. Ustad hakutaka kuimba kwenye sinema, na ili wamwache akataja bei ya kufukuza watu: rupia 25,000 kwa wimbo mmoja, wakati Lata na Rafi hawakufika 500. Asif akakubali papo hapo. Ustad akaimba nyimbo mbili, na kile kipande cha raga Sohni kinachosindikiza mapenzi ya Salim na Anarkali hakijapata mfano wake. Kwa wimbo mwingine wa filamu hiyo, Pyar Kiya To Darna Kya, Naushad na Shakeel walikesha wakiandika na kufuta mashairi, na ili kupata mwangwi wa jumba la vioo, sauti ya Lata ilirekodiwa bafuni mwa studio, kwani mitambo ya kutengeneza mwangwi haikuwapo.

Mother India ya 1957 na Ganga Jumna ya 1961 zilimrudisha kwao: nyimbo za mashambani, za mavuno na za maharusi, alizozisikia utotoni. Wanaomwita mtu wa raga peke yake hawajazisikiliza vizuri filamu hizo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Shakeel alifariki 1970, vijana wakataka gitaa na ngoma za Kizungu, na simu za watayarishaji zikapungua. Nitasema wazi kwamba baadhi ya kazi zake za mwisho zinarudia zile za mwanzo. Lakini hakukubali kutunga asichokiamini ili apate mkate. Katika miaka zaidi ya 60 alifanya filamu zisizofika 70, idadi ambayo wenzake waliimaliza kwa miaka kumi. Mwenzake wa miaka mingi, Ghulam Mohammed, alipofariki kabla filamu ya Pakeezah haijakamilika, Naushad ndiye aliyeimalizia muziki wake, na nyimbo za marehemu zikabaki kwa jina la marehemu. Tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo kubwa kuliko zote katika sinema ya India, aliipata kwa mwaka 1981.

Mwaka 2004 Mughal-e-Azam ilirudishwa kwenye majumba ikiwa na rangi. Naushad, akiwa na umri wa miaka 84, alishiriki kuutengeneza upya muziki wake pamoja na Uttam Singh. Ala zikapigwa upya. Sauti za waimbaji zikaachwa zilivyokuwa. Alifariki Mumbai tarehe 5 Mei 2006.

Sasa nimwombe fundi mitambo atuwekee Man Tarpat. Sikilizeni jinsi Rafi anavyoanza polepole kabla mdundo haujaingia, halafu hesabuni wenyewe zile sauti tano.