Tende moja mkononi

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na nyie vijana mliokaa kule nyuma mlangoni. Kila mtu kapewa tende mbili, naomba musile kwanza. Naona wengine mshatafuna, hamna neno, bakuli lipo hapa chukueni nyengine.

Wekeni moja kiganjani, itizameni ile mikunjo ya ngozi yake, na pale ilipotoka kikonyo. Inuseni. Haya itieni mdomoni lakini bila ya kutafuna, ikae juu ya ulimi tu mate yaje yenyewe... sasa tafuneni taratibu mpaka mfike kwenye kokwa.

Wangapi wamekula tende Ramadhani ngapi sijui na leo ndio wameisikia ladha yake? Naiona mikono.

Zoezi hili la kula kwa umakini, yaani akili yako yote iwe kwenye kile unachokila, sikulibuni mie. Yupo Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979 alianzisha mafunzo kwenye chuo cha udaktari huko Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha na stresi, na kwenye mafunzo hayo mtu hupewa zabibu moja kavu, ile ile tunayotia kwenye pilau, aile kama vile hajawahi kuiona maishani. Nilipoyasoma haya nikawa najiuliza, mbona mie nimelelewa nayo?

Kwetu Wete, kule Pemba, tulikuwa tunakula sinia moja watu sita, mkeka chini, kawa likifunuliwa tu harufu ya mchuzi wa nazi inakujaa puani hata mkono hujatia. Unanawa, unasema bismillahi, unakula kilicho mbele yako, ukivuka upande wa mwenzio bibi anakutizama tu hasemi kitu na wewe unajua. Na lazima uangalie kama mdogo wako kapata kitoweo, huwezi kwenda mbio peke yako, tonge lako linafuatana na matonge ya wenzio. Hakuna alotufundisha neno umakini pale, sinia lenyewe ndio mwalimu.

Na samaki jee? Changu ana miiba, unamchambua kwa vidole, unaupapasa mwiba kabla haujafika mdomoni. Sasa mwaka juzi mie nakula peke yangu, simu mkono wa kushoto nasoma meseji za grupu, mkono wa kulia unajiendea wenyewe tu, mwiba ukanikwama. Nikameza matonge makavu ya wali kama tunavyoambizana majumbani, ukazidi kuingia (hilo tonge kavu liacheni jamani, linausukuma ndani), usiku ule ule nikapelekwa hospitali kutolewa. Nimekaa kwenye benchi nasubiri, nikajiuliza ule mchuzi ulikuwa na ndimu? Chumvi ilikolea? Sikumbuki. Nimekula karibu sahani nzima na sikumbuki hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mwiba.

Tumbo nalo lina njia yake ya kupeleka habari kichwani. Likitanuka mishipa ya fahamu inapeleka salamu, na utumbo unatoa homoni zake za kusema basi imetosha, lakini mpaka habari ifike vizuri inachukua kama dakika 20 hivi. Mtu anaemaliza sahani kwa dakika 5 anaongeza ya pili kabla hajaambiwa kama kashiba. Ndio unamkuta baada ya futari, muhogo wa nazi, ndizi, tambi, kachori na uji juu yake, kajilaza ubavu hata tarawehe hawezi kusimama. Sote tumefunzwa na Mtume (S.A.W.) thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji, thuluthi ya pumzi, lakini utaipimaje thuluthi na wewe mwenyewe hupo pale unapokula? Wale wanaofungua kwa tende na maji, wakasali Magharibi kwanza ndio wakarudi kwenye futari, wanalipatia tumbo muda wake.

Siwaambii mule kila kitu kama tende hii, mama mwenye watoto wanne wa skuli asubuhi muda huo anautoa wapi. Nakuombeni matonge matatu ya mwanzo tu. Simu iwe chumba chengine, si kuifudikiza pembeni, chumba chengine kabisa. Kipande cha muhogo kitafune mpaka uanze kusikia utamu, maana mate yanaivunja ile wanga inakuwa sukari, utaisikia mwenyewe mdomoni. Na wenye sukari mnaotumia dawa, hili si badala ya dawa, na habari ya kufunga zungumzeni na daktari wenu kabla mwezi haujaandama.

Mama pale kauliza habari ya mtoto asiekula mpaka awashiwe katuni. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Tulizima TV, nikamkalisha kwenye sinia pamoja na sie, nikampa kazi ya kukamua ndimu juu ya samaki. Siku mbili za mwanzo alilia tu na hakula kitu cha maana, moyo uliniuma sana. Siku ya tatu akalamba kidole akauliza, mama, mbona ndimu inauma ulimi halafu nataka tena?

Haya, kokwa tieni kwenye bakuli hili, na hio tende ya pili nendeni nayo nyumbani.