Pazia la Bibi Aisha na darizi za leo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kila nikizungumzia darizi za maneno za wasanii wanawake wa siku hizi, huinuka mtu akasema: sauti ya mwanamke ni uchi, vipi aitundike ukutani kila mpita njia aisome? Leo namjibu kabla hajainuka.

Ndugu yangu, zile hadithi zaidi ya 2,000 za Bibi Aisha, mke wa Mtume, umezipokea kwa sauti ya nani? Masahaba wakubwa walikwenda kumuuliza, naye akawajibu. Na moja inahusu kitambaa. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alirudi safarini akakuta Bibi Aisha ametundika pazia lenye picha. Uso ukambadilika, akalichana. Wengi wetu huishia hapo: picha haramu, tumemaliza. Hapana, someni hadi mwisho! Bibi Aisha mwenyewe anasema: tukalifanya mto mmoja au miwili. Na riwaya nyingine inasema Mtume alikuwa akiuegemea. Kitambaa hakikutupwa. Kilikatwa, kikashonwa upya, kisha mwenye kitambaa akasimulia, na hadi leo wanazuoni wanapojadili picha za kwenye nguo na mapazia, wanajadili maneno yake.

Utaniambia, huyo ni Mama wa Waumini, nani wa kufanana naye? Haya, Khawla binti Thaalaba je? Mke aliyetamkiwa zihari na mumewe, yaani kuambiwa kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, akaja kujadiliana na Mtume, na Sura ya 58 ikafunguliwa kwa habari yake: Mwenyezi Mungu amekwisha sikia usemi wake. Hakuambiwa anyamaze.

Basi mkiiona Private Rooms, kazi ya darizi ya msanii Ghada Amer, mzaliwa wa Cairo, msitangulize hasira. Mwaka 1998 alichukua mifuko ya satini, ya namna ile ya kuhifadhia nguo, akaidarizi maneno ya Qur'ani yanayowataja wanawake, kwa tafsiri ya Kifaransa, akaitundika. Herufi kwa herufi, kwa uzi. Aya ambayo sisi wahadhiri twaipitia kwa pumzi moja, mwenye sindano hukaa nayo kutwa. Kazi zake nyingine zina miili ya uchi, na hizo sizitetei. Lakini hii nataka muisome kabla ya kuihukumu.

Nilikusudia pia kumtaja Bibi Zainab binti Jahshi, mke mwingine wa Mtume, aliyesindika ngozi na kushona kwa mikono yake ili apate cha kutoa sadaka, lakini naona wakati wa swala umekaribia. Maswali, tafadhali, na waanze kina mama.